Msafiri wa Tisa

Ilikuwa mwaka wa 2024, mwezi wa Desemba, kiangazi kimeshika na shule zimefungwa, Ebei alipoiandika orodha ya safari kwa mara ya nne na, kwa mara ya nne, akauacha mstari wa mwisho mtupu.

Mengine yote yalikuwa tayari: mahema matano yenye vitanda na magodoro, mablanketi mawili kwa kila mtu, majiko ya gesi, hata mifuko ya mpira ya kutiwa maji ya moto na kuwekwa miguuni. Mlima Elgon wenyewe alikuwa hajauona ila pichani. Kusini mwa mji wa Lokichar alikuwa hajafika kamwe, kwa maana kila safari ya upande ule ilipokaribia, aliugua ghafla. Lakini kazi ya mahema aliijua barabara, na kampuni iliyomkabidhi safari hii ilikuwa imemwahidi kwamba ikienda salama atakuwa msimamizi wa kambi zake zote. Tangu azaliwe hapakuwa na mtu aliyemwahidi jambo kubwa kama hilo.

Mwalimu Abigael, aliyewakusanya walimu wenzake kwa safari hiyo pale Lodwar, aliipitia orodha kwa ncha ya kalamu.

"Watu tisa, vitambulisho vinane," alisema. "Askari wa lango la hifadhi hawana huruma, Ebei, na wale wa barabarani ndio kabisa. Asiye na kitambulisho abaki hapa anichungie mbuzi."

"Karatasi za huyo wa tisa ziko Kakuma, mwalimu."

"Kumbe ni mkimbizi?"

"Daftari ndilo lisemalo hivyo."

"Na yeye asemaje?"

"Ameomba kitambulisho cha raia mara tatu. Hujibiwa kwamba yumo katika daftari la kambi, na mpaka daftari limwachie, hapati."

Abigael aliifunga kalamu yake. "Leo ni Jumanne. Ijumaa gari halimngoji mtu."

Kesho yake asubuhi Ebei alikuwa Kakuma, mlangoni pa Nyibol, mama wa Kidinka aliyeikimbia vita ya kwao na kuzeekea kambini. Tangu ukame wa mwaka wa 2008, marehemu Atiir, mama mzazi wa Ebei, alipokuwa akimletea Nyibol makaa kutoka kijiji cha Waturkana nje ya kambi, nyumba hizo mbili zilikuwa zimepikia jiko moja.

"Ejok, mama," Ebei alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Umekuja tena kwa ajili ya Jal," alisema Nyibol, naye Ebei hajaketi bado.

"Mwachie, mama. Tunaondoka keshokutwa."

"Aende wapi? Mlimani? Kule kuna baridi."

"Tumeandaa mablanketi. Kila hema lina vitanda vyake."

"Kitanda ndani ya hema!" Nyibol alicheka hadi akashika ubavu. "Mimi nililala hemani miaka miwili, mvua inaingia bila kubisha hodi. Na hao walimu wako wanalipia?"

"Wanalipia."

"Basi kusoma kumewaharibu."

Ebei hakucheka. Aliinama akatazama mikono yake. "Usipomwachia, nami siendi. Nitarudi Lodwar niwaambie watafute mtu mwingine."

Kicheko cha Nyibol kikakatika. "Wewe umekula sahani ya Jal miaka minne. Nilipokupakulia, nilikuuliza utanilipa nini?"

"Hukuniuliza."

"Basi usinidai."

"Sikudai, mama. Deni ni langu, na Atiir alinikumbusha mpaka siku anakata roho. Aliniambia nisichukue kitu cha nyumba hii pasipo wewe kunipa kwa mkono wako. Ndiyo maana nimekuja hapa, sikwenda ofisini peke yangu."

Nyibol alimimina chai, asiinywe. Nje, wanawake walipita na magunia matupu, wakitaniana njiani kuelekea kwenye mgao wa chakula.

"Kila mwezi," alisema kwa sauti ya chini, "karani hulisoma jina langu, kisha hulisoma la Jal. Yanasomwa pamoja. Wajua ni raha gani, mama kusikia jina la mwanawe likiitwa mbele za watu? Na nikienda dirishani kwa karani kusema habari zake, wataniuliza mengi. Huenda wakanifuta nami."

"Wakikuuliza, nitajibu mimi."

"Una umri gani sasa?"

"Ishirini na minne."

"Ishirini na minne," alirudia polepole, kana kwamba hesabu hiyo alikuwa hajawahi kuifanya. Alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia mabega hadi miguu, jinsi mama atazamavyo nguo iliyokwisha kumbana mtoto. Kisha akajifunga leso yake, akaitwaa kadi ya mgao iliyokuwa chini ya mto. "Simama, twende kabla karani hajaenda kula."

Dirishani palikuwa na foleni fupi. Zamu yao ilipofika, Nyibol aliisukuma kadi mbele kwa vidole viwili.

"Nimekuja kumfuta Jal, mwanangu."

"Amehama, mama?" aliuliza karani, macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

"Alikufa. Homa ilimchukua mwaka wa 2006, siku ya tano baada ya sisi kuandikwa."

Karani aliacha kuandika. Aliusoma ule ukurasa, akausoma tena, akaondoa miwani.

"Mama, Jal alichukuliwa alama za vidole hapa hapa mwaka wa 2008. Maiti haitoi alama za vidole."

Ebei akampita Nyibol taratibu, akaviweka vidole vyake juu ya kioo cha mashine, na mashine ikamwita Jal.

"Jina hili niliazimwa na mama huyu wakati wa njaa," akamwambia karani. "Nimekuja kumrudishia."