Ndoto za Mama Zilipojaza Mtandao

Miaka ile ndoto za kila mtu zilipita hewani, kwenye mtandao uleule wa simu, kwenda kuhifadhiwa. Kwa hiyo mtandao wa nyumbani kwa Zuhura ulipoanza kuzorota kila alasiri, alimpigia simu fundi, naye akauliza kwanza, "Dada, nani amelala hapo?"

"Mama yangu."

Zuhura alikuwa ameshazima modemu na kuiwasha, akaihamishia dirishani, na bado wanafunzi wake wa hesabu walimwona ameganda kwenye skrini zao. Shule ilikwisha kumwonya mara mbili.

"Ndoto zake ni kubwa mno," fundi alisema kwa upole, akiziona kwenye kompyuta yake. "Anapanda mikarafuu, watu wengi wanaimba, mvua inanyesha. Zinakula karibu mtandao wote. Nikizipunguza hataumia."

Zuhura alichungulia chumbani. Bi Mwanakheri, mama yake, ambaye miguu yake ilikuwa imepooza kwa mwaka wa tatu sasa, alikuwa akitabasamu usingizini, midomo ikifuata wimbo usiosikika.

Zuhura aliurudisha mlango polepole. Kisha akanong'ona, "Zipunguze."

Somo lilikwenda vizuri, sauti na picha safi kabisa. Alipomaliza alimpelekea mama yake chai, akamkuta macho, anaitazama dari.

"Nimelala sana, mwanangu?"

"Saa mbili, mama."

"Ajabu," alisema Bi Mwanakheri taratibu. "Leo sikwenda popote."

Zuhura alimshikia kikombe hadi akamaliza kunywa.