Daktari wa Simu

Mtoto alikuwa anazaliwa kwa kutanguliza miguu, na Daktari alikuwa amejifungia chooni.

"Daktari, toka!" Mwashi aligonga mlango kwa ngumi. "Mke wangu anakufa!"

"Nakuja," alijibu, ingawa kwa kweli alikuwa akipima upana wa dirisha. Kichwa kingepita. Kitambi, hapana. Dunia nzima ilikuwa imekonda tangu umeme ulipokatika usirudi na mitambo yote ikageuka vyuma baridi, lakini yeye alinawiri. Watu humlisha daktari wao.

Udaktari wenyewe ulimwangukia. Kabla ya giza alikuwa na kibanda, na juu yake ubao: DAKTARI WA SIMU. Alipofika kwenye ghala hili walimojihifadhi watu, na mkoba wake wa bisibisi ndogondogo, mteja wake wa zamani alipaza sauti, "Daktari huyo!" Watu wakalia kwa furaha. Angewakatizaje? Tangu hapo aliagiza dawa moja kwa kila ugonjwa: maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo, na kulala. Wengi walipona, jambo lililomshangaza yeye kuliko wagonjwa.

Alipokwama, alikuwapo Nesi: mama wa makamo, kofia nyeupe, mgongo umenyooka, sauti ya kuamrisha. Mimi ni kinyago tu, Daktari alijiambia kila asubuhi; hospitali ni yule mama.

Akatoka chooni. Nyuma ya pazia, Mshonaji, mke wa Mwashi, alikuwa ameng'ang'ania mkono wa mama yake mzazi, aliyewasili asubuhi hiyo kutoka kambi nyingine.

"Maji ya moto! Mashuka safi!" Nesi aliamuru. "Tunampoteza!"

"Unaonaje, Nesi?" Daktari alinong'ona.

"Kama unavyoona wewe, Daktari."

"Nami naona kama unavyoona wewe."

Wakatazamana. Mshonaji akapiga ukelele, na mguu wa pili ukatokeza.

Daktari alinawa, akapiga magoti. Alijua sheria moja tu duniani: kinachogoma usikilazimishe, utakivunja. Basi hakuvuta. Alimsaidia Mshonaji ajishikize kwa magoti na mikono, akamwacha asukume mwenyewe, huku yeye amekinga viganja na kuomba dua zote alizozikumbuka, pamoja na ile ya kabla ya kula. Kamba ya kitovu ilipoonekana imezunguka shingo, vidole vyake vilivyozoea nyaya nyembamba kama unywele viliilegeza taratibu, taratibu, mpaka ikaachia.

Mtoto alitoka kimya, rangi ya zambarau. Daktari akampuliza puani na mdomoni, kwa kuwa hakujua lingine. Ndivyo alivyofufua simu nyingi.

Mtoto akalia.

Mwashi aliingia mbio, akamkumbatia Daktari mpaka mbavu zikalalamika. Daktari alijichomoa, akapita upande wa pili wa pazia na kuketi sakafuni. Akacheka peke yake. Bila Nesi, saa hizi angekuwa amekwama dirishani.

Ndipo akaisikia sauti ya mama yake Mshonaji ikimwambia Nesi.

"Mwanangu, tangu asubuhi nakutazama. Si wewe yule nesi wa kwenye tamthilia ya runinga? Yule aliyekufa ajalini, nikalia wiki nzima?"

"Polepole, mama," Nesi alinong'ona. "Daktari asisikie. Humu ndani ni yeye peke yake anayeijua kazi."