Kiganja cha Mzee Sufiani

"Mchezo nimeutunga mwenyewe, nitausahau vipi?" Mzee Sufiani alijigamba, akamtimua mtu wa kumnong'onezea maneno nyuma ya pazia. Kwa maringo, mzee hakuwa na mpinzani.

Katikati ya onyesho akakwama. Akajikohoza, akachungulia kiganja chake, maneno yakarudi. Ukumbi ukashangilia.

Mwishoni waigizaji walishikana mikono ili wainame. Bi Rukia, mkewe aliyeigiza naye miaka thelathini, akaukunjua mkono wa mumewe.

"Baba Nasra, tangu lini unaibia kama mtoto wa shule?"

Mzee alijaribu kufumba ngumi, akachelewa. Chini ya maneno ya mchezo alikuwa ameandika: "Mwenye gauni la kijani ni Rukia. Mkeo."

Makofi yaliendelea, na jasho lilishaanza kuufuta wino.