Kaa Tu, Mama

"Hivi kanuni za baraza lenu mnatungiwa na nani?" jirani aliwahi kumuuliza Bi Mkiwa, diwani wao.

"Tunajitungia wenyewe," alijibu. Jirani akaguna.

Leo mwenyekiti alileta kanuni mpya: wananchi wasisikilize tena vikao. Waliohudhuria walitosha akidi barabara. Akipungua mmoja, kikao kinavunjika.

"Mimi naikataa," alisema Bi Mkiwa.

"Kataa, mama, tutakushinda kwa kura. Wewe kaa tu tukuhesabu," mwenyekiti alisema akitabasamu. "Kwani kukaa nako dhambi?"

Wenzake wakacheka. Bi Mkiwa akainama, akakitazama kiti alichokalia, midomo ikichezacheza kwa dua. Kicheko kikakatika. Akainuka, akajitanda vizuri ushungi wake, akatoka, mlango akiuacha wazi.