Seli Namba Saba

"Ile seli yako, ilisikia baridi ndani ya barafu?"

Ukumbi wa Nyamugari, mjini Gitega, uliangua kicheko. Daktari Raissa hakucheka. Alitazama picha ya seli iliyomulikwa ukutani, akahesabu kimoyomoyo hadi tano. Lilikuwa swali la tatu la mama yule yule wa safu ya nyuma, Zawadi, muuza vitenge aliyesema ametoka Muyinga asubuhi hiyo.

Waandaaji ndio waliomponza. Walimwomba aeleze utafiti wake kwa Kiswahili, eti wananchi wa Gitega nao waelewe. Wananchi! Nusu walikuwa wakisinzia, nusu wakingoja Fanta.

"Seli haisikii baridi, mama," alisema polepole, kana kwamba anamsemesha kiziwi. "Narudia. Utando wa seli ya ubongo una vijitundu vinavyofunguka na kujifunga kama milango. Chumvi ikipita hapo, umeme unawaka, seli inamshtua jirani yake. Kwa mwenye kifafa, milango haifungi inavyopaswa. Nilipokuwa Nairobi nililetewa kipande cha ubongo wa mgonjwa aliyepasuliwa, kikiwa ndani ya barafu. Nikagusisha kijibomba cha kioo, chembamba kuliko unywele, kwenye seli moja, namba saba, nikaisikiliza. Iliendelea kuwaka kwa saa kumi na tisa. Pale maabara hakuna aliyewahi kufika hapo."

Makofi. Zawadi akainua mkono tena.

"Saa zote hizo ilikuwa inasema nini?"

"Haisemi kitu. Ni umeme."

"Na kisha?"

"Ikanyamaza. Nikaitupa."

"Wee mama, kaa chini, umetuchosha!" mtu akapaza sauti. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Raissa akatabasamu. Angalau mmoja wao alikuwa na akili.

Mkutano ulipokwisha, alikuwa akikunja nyaya za kompyuta kwenye chumba cha pembeni Zawadi alipoingia na kufunga mlango.

"Vinywaji viko nje, mama," Raissa alisema bila kugeuka.

"Mi siko na kiu, dokta."

Zawadi akafungua kilemba chake taratibu. Akaushika mkono wa Raissa, akauweka juu ya sikio lake la kushoto. Vidole vya Raissa vikazama kwenye bonde la mshono mrefu, mahali ambapo nywele hazikuota tena.

"Kule Nairobi waliniambia kipande changu alipewa dada mmoja wa Gitega," Zawadi alisema. "Kifafa kimeisha, nashukuru sana. Ila mi nilikuwaka na mtoto, akafa mdogo. Tangu wanipasue, sikumbuki tena namna alikuwa anacheka. Jina lake watu wananiambia. Kicheko, hakuna wa kuniambia."

Hakuuachia ule mkono.

"We ndiye ulisikiliza, dokta. Haukusikia mtoto anacheka?"