Pasi ya Mkaa

"Ukichomeka hiyo pasi, Sabasi, leo utalala kwa dada yako!"

"Kwa hiyo niende harusini na shati kama limetafunwa na mbuzi?"

Tekla hakugeuka. Mara mbili pasi ya mumewe ilikuwa imeangusha swichi kuu, na kompyuta ikazimika katikati ya kazi. Kompyuta yenyewe ya kizamani; lugha ya kompyuta aliyoandikia programu ya kupanga zamu za wauguzi ilibidi aiunde humo mwenyewe, kutoka msimbo wake wa asili, kazi ya saa nyingi ambayo umeme ukikatika huanza upya. Kesho asubuhi zahanati ingeijaribu programu. Ikifaa, ajira ni yake.

"Itaisha saa ngapi?"

"Ikiisha."

"Mama watoto, harusi ni saa nane!"

Tekla akatazama mlangoni. Pasi ya mkaa ya mama mkwe ilikuwa pale chini, ikiuzuia mlango usijifunge. Akainuka, akaifuta vumbi, akaijaza makaa kutoka jiko la maharage, akamnyang'anya Sabasi shati.

"Nyunyiza maji, bwana harusi wa watu."

Sabasi akacheka. Pasi ilipofika kwenye kola, mistari ya kazi hiyo iliyokuwa ikipanda kwenye skrini ikakoma, bila kosa hata moja; lugha ilikuwa tayari. Wakageuka wote wawili. Kijistari kimoja kilikuwa kikiwaka na kuzima, kikimngoja Tekla aandike amri.