Gauni la Mama wa Bibi Harusi

Siku hizi daktari hamwambii mgonjwa ugonjwa wake. Choo cha nyumbani hupima, majibu huenda kwenye bangili ya ndugu ambaye mgonjwa alimteua mwenyewe, na huyo ndugu ndiye wa kumwambia, ana kwa ana. Watu husema huo ndio utu.

Bi Siwema alimteua binti yake, Somoe. Bangili ilipowaka kijani, Somoe alikuwa akimkatia mama yake gauni la kuvaa kwenye harusi yake yeye Somoe. Saratani ya ovari, ilisema. Bado changa, inatibika. Mwambie.

Akijua mama, shughuli itaahirishwa, na wakwe walishaahirisha mara moja. Somoe akajisemea, harusi ipite kwanza.

Leo zipu ya gauni imegoma kupanda. Bi Siwema amesimama mbele ya kioo, ameshika tumbo, anacheka.

"Na wala sili, mwanangu! Matonge mawili tu, nimeshiba. Kitu gani hiki?"

"Gesi tu hiyo, mama. Hekaheka za harusi." Somoe akavuta mkono wa dera ufunike bangili. Tangu asubuhi imegeuka manjano: saratani si changa tena.

Akapiga magoti, akaanza kufumua mishono ya kiunoni. Wembe ukamkata kidole. Akaona haujamkata vya kutosha.

Bi Siwema akamwekea mkono kichwani.

"Niachie nafasi kidogo hapo, huenda nikazidi kunenepa," akasema. "Maadamu unanipima wewe, mimi sina wasiwasi."